Ukikamatwa, Ukishtakiwa: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Kesi ya jinai Tanzania Bara haiamuliwi kwa manung'uniko ya koridoni. Inaamuliwa kwa yaliyomo kwenye jalada: maelezo uliyosaini kituoni, majibu uliyotoa kizimbani, maswali uliyomuuliza shahidi na yale uliyoacha kumuuliza. Jaji wa rufani hatakuona uso. Atafungua mwenendo wa kesi na kusoma. Maagizo haya ni kwa wanaosimama bila wakili, na kwa ndugu zao.

Usikimbie, na usishikane na askari. Hata kama unaonewa, ukimsukuma umejiongezea shitaka. Muulize unakamatwa kwa kosa gani. Sheria inamtaka akwambie. Kisha hakikisha kuna ndugu au jirani anayejua umepelekwa kituo gani.

Wakija kupekua, simama uone. Usikae nje na kuwaachia chumba. Awepo shahidi huru, mjumbe au jirani. Mwanamke apekuliwe mwilini na mwanamke mwenzake. Kitu kinachochukuliwa kiandikwe kwenye hati ya ukamataji mali, na uisome hati hiyo kabla hujaweka sahihi. Kama kimeandikwa kitu ambacho hakikutoka ndani kwako, sema hapo hapo mbele ya shahidi, na ukatae kukisainia.

Usisaini maelezo ambayo hujasoma. Hapa ndipo watu wengi wanapojifunga wenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Karatasi inaitwa maelezo ya onyo. Juu yake huandikwa saa yalipoanza, na mwisho saa yalipokwisha. Kabla ya swali la kwanza, askari anatakiwa akuonye kwamba hulazimiki kujibu chochote zaidi ya jina lako na mahali unapoishi, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za kukuhoji tangu uwe chini ya ulinzi, na mkuu anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza hadi saa 8 nyingine kwa sababu ya msingi. Zaidi ya hapo iombwe mahakamani. Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo mengi yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Kwa hiyo kumbuka ulikamatwa saa ngapi. Angalia saa iliyoandikwa. Kama hujui kusoma, usomewe, na una haki ya kusahihisha, kupunguza au kuongeza kabla ya kuthibitisha.

Ukipigwa, usikae nalo moyoni. Mwambie mlinzi wa amani, yule anayeandika maelezo ya kukiri nje ya polisi, ukipelekwa kwake. Mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa unapofikishwa mahakamani, uonyeshe majeraha, uombe yaandikwe na upelekwe hospitali kwa fomu ya PF3. Makovu unayoyataja kwa mara ya kwanza wakati wa kujitetea, miezi 8 baadaye, yatamshawishi nani?

Sheria inataka ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 kwa makosa ya kawaida, au upewe dhamana ya polisi. Ndugu, msinunue dhamana. Dhamana haina bei. Anayetaka "ya maji" au "ya mafuta ya gari" anatenda kosa la rushwa, na wewe unayempa unalitenda pia. Leteni vinavyotakiwa: mdhamini anayefahamika, kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha hayana dhamana. Anayewaambia ataipata kwa njia zake anawaibia.

Ukiwa nje kwa dhamana, usikose tarehe hata moja, hata kama kesi inakuja "kutajwa" tu na unajua itaahirishwa. Ukikosa, inatoka hati ya kukukamata, na mdhamini wako, pengine mama mkwe au mwajiri aliyeweka hati ya nyumba, ndiye anayebanwa alipe.

Usikiri ili mambo yaishe haraka.

Shitaka linasomwa: siku fulani ulimshambulia fulani na kumdhuru mwili. Kijana kizimbani anajibu, "Ni kweli mheshimiwa, lakini alinianza yeye, alikuja na panga." Jibu hilo lina "ni kweli", na ndani yake lina utetezi. Hakimu makini ataandika kwamba amekana. Ila ndugu wameshamnong'oneza nje: kiri tu, uombe msamaha, utapigwa faini tuondoke. Wakili wa serikali anasoma maelezo ya tukio, panga halimo, kijana anaulizwa kama ni sahihi, anasema, "Sahihi, mheshimiwa." Ametiwa hatiani kwa kinywa chake. Akikata rufaa atasikilizwa kuhusu adhabu tu, ukubwa wake na uhalali wake, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata au kwamba alichokiri si kosa kisheria. Na faini aliyoahidiwa na ndugu haikuandikwa popote. Kama kuna "lakini" moyoni mwako, jibu ni moja: si kweli.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Usione haya kusema hujaelewa. Kama Kiswahili chako ni cha kubabaisha, omba mkalimani.

Muulize shahidi maswali ya dodoso. Usimhutubie, usimtukane, usimwambie "wewe muongo". Uliza: ulikuwa umesimama umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa nini? Ulinitaja kwa nani siku ile ile? Kwa nini maelezo yako ya polisi hayasemi hivyo? Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba usipomhoji shahidi kuhusu jambo zito alilosema, unahesabiwa umelikubali. Mshtakiwa anayejibu "sina swali, mheshimiwa" kwa woga au kwa hasira amempa mwendesha mashtaka zawadi.

Pingamizi litolewe kielelezo kinapoletwa, kabla hakijapokelewa. Maelezo ya onyo yakitolewa na wewe hukuyatoa kwa hiari, sema: napinga, niliteswa. Hakimu lazima achunguze kwanza. Nyaraka ikishapokelewa, isomwe kwa sauti mahakamani ili ujue inasema nini. Isiposomwa, dai isomwe.

Kama siku ya tukio ulikuwa kwingine, usiifiche habari hiyo kama karata ya mwisho. Toa taarifa kabla usikilizwaji haujaanza, au angalau toa maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Ukichelewa, hakimu ana ruhusa ya kutoyapa uzito wowote.

Usichanganye kimya cha kituoni na kimya cha mahakamani. Kituoni kunyamaza ni haki yako. Mahakamani, ukikutwa na kesi ya kujibu, hakimu atakueleza kwamba unaweza kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi. Unaweza pia kunyamaza, lakini sheria inamruhusu kuuchukulia ukimya huo vibaya dhidi yako. Jitetee. Hudaiwi kuthibitisha kwamba huna hatia, maana Katiba inakuhesabu hivyo mpaka ithibitike vinginevyo. Kazi yako ni kutia shaka ya msingi.

Usimfuate shahidi nyumbani. Usimtume shangazi kumbembeleza. Ni kosa jipya, na dhamana inaweza kufutwa.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka viwanja vya mahakama na mkoba na tai. Jina la wakili liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kutoa hata shilingi. Kama huna uwezo, mwambie hakimu waziwazi kwamba unaomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Usingoje akuulize.

Ukitiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu litolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hazihesabiwi. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliye gerezani apitishe karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Aliye nje aombe nakala kwa barua siku hiyo hiyo ya hukumu, na abaki na nakala yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.