Kutembeza Wageni ni Amana

Kila likizo ndugu zetu wa vyuo vya Kenya na Tanzania hututembelea, na mara nyingi mimi ndiye ninayewatembeza kuanzia hapa Wandegeya. Naandika kwa ajili ya wale watakaoshika kazi hii baada yangu. Mgeni atasimulia kwao yale aliyoyasikia kwako. Basi maneno yako ni amana.

Kwanza, Old Kampala. Katika kilima hiki Kapteni Lugard alijenga ngome yake Desemba 1890. Leo upo Msikiti wa Taifa, uliokamilika 2006. Hakikisheni kila mmoja amejisitiri, kisha pandeni mnara. Kutoka juu waonyeshe Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki, na Kibuli yetu. Hapo mgeni huona jinsi dini zilivyogawana vilima vya mji huu.

Swali halikosekani: nani aliujenga? Jibu kwa ukamilifu. Ujenzi ulianza zama za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukamalizwa kwa fedha za Libya ya Muammar Gaddafi, na msikiti ukabeba jina lake kabla ya kuitwa wa Taifa. Wapo wanaotaka tuyaruke majina haya, na wapo wanaotaka tuyasifu tu. Zama za Amin waliuawa Waganda wengi, Waislamu wakiwemo. Nyumba ya Mwenyezi Mungu haihitaji tufiche jambo ndipo iheshimiwe.

Pili, Kibuli. Ardhi ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, na msikiti ukafunguliwa 1951. Usiishie kwenye picha za minara. Waonyeshe shule na hospitali zilizo kilimani hapo, wajue maana ya sadaka inayoendelea baada ya mtoaji kufariki.

Tatu, Namugongo. Wengi wanapajua kwa mashahidi wa Kikristo wa 1886. Wachache wanajua kwamba miaka kumi kabla yao, 1876, waliuawa hapo vijana wa Kiislamu wapatao 70 kwa amri ya Kabaka Muteesa wa Kwanza. Walikataa kula nyama aliyoichinja asiyekuwa Mwislamu, na kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Jambo zito ni kwamba Kabaka huyu mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani kuanzia 1867, na Uislamu ulifika ikulu tangu 1844, alipokuja mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim kwa Kabaka Ssuuna. Simulia haya bila kushindana na Wakristo. Damu ya waliokufa kwa imani yao si ya kupimana nayo.

Mwisho, shikeni adabu tatu. Hakikisha habari kabla ya kuitoa, kama Surat Al-Hujurat aya ya 6 inavyotufundisha. Usipojua, sema "sijui" bila haya, kisha ukamuulize mwenye kujua. Na pangeni safari kwa nyakati za swala, si swala kwa nafasi ya safari. Mkirudi Wandegeya jioni, walisheni wageni roleksi ya moto na muwaache waulize waliyobaki nayo moyoni, maana maswali mazuri huja watu wakishatulia.

Wabillahi tawfiq.