Mtoto Asemaye Vizuri Lakini Haelewani na Wenzake

Mama mmoja wa hapa Pasiansi alimleta zahanati mwanawe wa miaka 9, ana alama za fimbo miguuni. Shuleni mwalimu alimwuliza, "Wewe huna masikio?" Akajibu kwa utulivu, "Ninayo mawili, Mwalimu." Darasa zima likacheka, naye akachapwa kwa ujeuri. Mimi nami, nakiri, nilianza kumkaripia kwa sababu hakuniamkia. Ndipo akaanza kunieleza kwamba MV Victoria huchukua abiria 1,200, akaingia MV Butiama, akaingia MV Clarias, wala hakuona kwamba wagonjwa wengine walikuwa wakingoja.

Mtoto wa namna hii si mjeuri, si mwendawazimu, wala hakurogwa. Huenda ana usonji. Wengi wetu tukisikia neno usonji humfikiria mtoto asiyesema kabisa. Lakini wako wanaosema kwa wakati wake, tena kwa maneno ya watu wazima, na masomo wanayaweza. Mwaka 1944 Hans Asperger, daktari wa Vienna, aliandika habari za watoto kama hao. Mwaka 1981 Lorna Wing, daktari wa Uingereza, akaieneza hali hiyo kwa jina la Asperger. Jina hilo bado utalisikia, ila Wamarekani waliliondoa katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 2013, na orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 huita yote usonji. Sisikitiki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Asperger alipeleka watoto wenye ulemavu mahali ambapo watawala wa Hitler waliwaua.

Je, hali hii hutambuliwaje? Wazazi huniambia, "Mpime damu." Hakuna kipimo cha damu wala eksirei inayoonyesha usonji. Kipimo ni kusikiliza na kutazama. Je, alipoitwa jina aligeuka? Alisema neno la kwanza lini? Alipofurahia kitu alikuonyesha kwa kidole ili nawe ukione? Anacheza na wenzake, au kando yao tu? Mkibadili njia ya kwenda shule analia? Huziba masikio mashine ya kusaga inapolia? Lazima dalili ziwe za pande mbili: ugumu wa kuelewana na watu, na kung'ang'ania mambo machache yale yale. Tena ziwe zimeanza utotoni, hata kama zilionekana wazi alipoingia shule. Aliyebadilika ghafla akiwa na miaka 12 anahitaji uchunguzi mwingine.

Hapa tuwe waangalifu. Maswali mengi ya uchunguzi huu yalitungwa Ulaya na Marekani, na moja huuliza kama mtoto huwatazama watu machoni. Kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa! Basi usimpime kwa mjomba wala kwa mganga. Angalia anavyomtazama mama yake, na wenzake wakiwa mchezoni.

Masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia vizuri naye haitiki. Kama huanguka kifafa, useme.

Sisi wa zahanati hatuwezi kuthibitisha usonji. Kazi yetu ni kukusikiliza na kukuandikia barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando, kwa madaktari wa watoto na wa afya ya akili. Dawa ya kuuondoa hakuna, na anayekuuzia anakula fedha yako bure. Lakini mwalimu akishajua, ataacha kumwambia "shika adabu", naye mtoto asijue ashike nini. Atamwambia, "Kaa kwenye dawati lako, nyamaza," na mtoto atakaa.

Ukija, chukua kadi yake ya kliniki na madaftari ya shule, na uje na mtu aliyemlea alipokuwa mdogo. Yule mtoto wa meli alirudi na bibi yake. Mama alikuwa akishinda mwaloni akianika dagaa, hakumbuki mengi. Bibi ndiye aliyesema kwamba tangu miaka miwili mjukuu wake alikuwa akipanga mawe mstari mmoja uani kutwa nzima, na mtu akisogeza moja, alilia hadi usiku.