Uliza Bei Kabla Hujaonja

Haya wadogo zangu, likizo za kiangazi Ulaya ndizo hizo zinabisha hodi, na safari hii wengi mnaniuliza jambo moja: visiwa vya Ugiriki. Kuna wanaoishi Ujerumani wanaotaka kumpeleka mama akapunge upepo, na kuna walioko Ghuba ambao fungate yao ilichelewa lakini haikufutwa. Tiketi mmenunua, hoteli mmelipa. Limebaki la tumbo: tutakula wapi, na tutarudi na senti mfukoni?

Dada yenu nimekula kwenye visiwa hivyo nikatamani kumfuata mpishi jikoni nimpe mkono, na nimekula vilevile nikanyanyuka na njaa yangu, hasira juu yake. Nikizipima siku hizo, naona chakula kizuri kipo kila kisiwa, na wapigaji nao wapo kila kisiwa. Kinachokuokoa ni mahali ulipochagua kukaa na maswali uliyouliza kabla sahani hazijafika mezani. Na hapo kwenye maswali ndipo sisi tunapokwama. Tumelelewa kuona haya kuuliza bei mbele za watu, hasa ukiwa na mgeni wako. Haya hiyo iacheni uwanja wa ndege.

Tuanze na samaki, maana ndiye anayeliza wengi. Kwenye menyu za Kigiriki samaki wakubwa wabichi huandikwa bei ya kilo, wala si bei ya sahani. Ukiona euro 70, usidhani ndiyo gharama ya mlo wako; samaki wa kuwatosha watu wawili hufika kilo moja bila shida. Mgahawa wa kuaminika una utaratibu wake. Mhudumu anakuita hadi kwenye droo la barafu, anamfunua samaki matamvua uone yalivyo mekundu, anamweka kwenye mizani ukiwa umesimama hapo hapo, anakutajia uzito na bei, ndipo anauliza: tumchome? Bado una nafasi ya kusema, "Huyu mkubwa, nipe yule wa pembeni." Hakununi mtu.

Sasa sikia upande wa pili. Juu ya kaldera, lile shimo la volkano la Santorini, kwenye mgahawa mmoja wenye meza zinazochungulia bahari, nilikaa karibu na mtu na mkewe. Mhudumu wao alikuwa mchangamfu kupita kiasi: "Leo tuna samaki mzuri sana, niachieni mimi." Wakamwachia. Samaki akaja ameshachomwa, ameshachanuliwa, na limao juu. Bili ilipokuja, samaki peke yake alikuwa amemeza zaidi ya nusu ya hesabu. Mume akauliza uzito, akaambiwa kilo moja na gramu mia nane. Mke akautazama mwiba uliobaki kwenye sahani, akaupima kwa kiganja chake, akanyamaza. Mwiba hauwezi kurudi mizani. Walilipa.

Wala msidhani ni kisa cha watu wawili tu. Mwaka 2019 magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari za mtalii aliyepewa bili ya zaidi ya euro 800 kwenye mgahawa wa ufukweni Mykonos, na kilichopandisha hesabu ni sahani sita za ngisi. Kwa hiyo bei ikikosekana kwenye menyu, au mhudumu akikuambia "bei ya leo" bila kutaja namba, muombe aiandike kwenye karatasi. Akisita, shukuru, nyanyuka. Kiti hakijakufunga kamba.

Jambo jingine ni upepo. Julai na Agosti huvuma upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi, na ukishika kasi hata vivuko husitisha safari. Mashua ndogo za wavuvi nazo hubaki bandarini. Ukiwa kisiwani siku ya tatu ya upepo huo na mtu akakuapia kwamba samaki wake kavuliwa alfajiri, mwangalie mara mbili. Huenda ni wa kufugwa, na Wagiriki hufuga sana aina mbili, tsipoura na lavraki. Ni samaki wazuri tu, ila usilipie bei ya samaki wa bahari kuu. Vilivyogandishwa, kama ngisi na kamba, sheria inataka vionyeshwe kwenye menyu. Mara nyingi huwekewa kinyota. Tafuteni kinyota hicho kabla ya kuagiza.

Mfuko ukiwa mwembamba, agizeni samaki wadogo. Gavros na marides ni wadogo mfano wa dagaa: hukaangwa wakakauka, hukamuliwa limao, huliwa wazimawazima, na bei yao ni ya sahani. Kisiwa cha Lesvos kina sardini wa ghuba ya Kalloni, na Symi wana kamba wadogo wanaotafunwa na maganda yao. Barbouni, ndugu wa mkundaji wa pwani yetu, ni mtamu lakini ghali, kwa hiyo naye apite mizani kwanza.

Twende kwenye mahali pa kukaa. Kijiji cha Oia kule Santorini hujaa watu kila jioni wakisubiri jua lizame, na meza zinazolitazama jua zina bei ya jua. Sikukatazi. Kunywa kahawa yako pale, piga picha zako zote, kisha ingia vichochoro vya nyuma ukale. Mgahawa wenye mpiga debe mlangoni, menyu ya picha kwa lugha nane na vyakula sabini, pita kama hukuuona. Jiko gani linapika vyakula sabini upya kila siku?

Saa nazo zinasema. Wagiriki hula mchana kuanzia saa nane, na usiku kuanzia saa tatu. Ukiingia saa kumi na mbili na nusu jioni utakuta wageni watupu, na hutajua wenyeji wanapapenda au la. Subiri kidogo. Ukiona saa nne usiku familia inaingia na bibi na watoto, hapo vuta kiti. Na katikati ya Agosti, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15, Wagiriki wenyewe hufurika visiwani. Bila kuweka meza mapema mtazunguka na mama yenu hadi miguu imuume.

Mlo ulionikaa moyoni ulikuwa wa mchana, kisiwani Naxos, na haukuwa na samaki. Mama mwenye mgahawa aliniita jikoni akafunua masinia moja moja: nyanya zilizojazwa wali, maharage makubwa meupe ya mchuzi, bilinganya zilizolegea kwenye mafuta ya zeituni, na viazi vya Naxos, ambavyo Ugiriki nzima inavijua. Nikaonyesha kwa kidole, akapakua. Vyakula hivi vya masinia hupikwa asubuhi, na vikiisha vimeisha, hivyo vifuateni mchana. Kila kisiwa kina chake: Santorini wana fava, rojo ya manjano ya jamii ya kunde, na vijikababu vya nyanya, Sifnos hupika dengu usiku kucha kwenye chungu ndani ya tanuri la kuni, zikaliwa Jumapili, Krete wana dakos, mkate mkavu wa shayiri wenye nyanya na jibini, na Naoussa kule Paros utakuta pweza wameanikwa kwenye kamba juani kabla ya kwenda kwenye makaa. Agizeni cha kisiwa, pizza mtaikuta nyumbani.

Kwa ndugu zangu Waislamu, mishikaki ya Wagiriki, souvlaki, mara nyingi ni ya nguruwe, na vikababu huweza kuchanganywa nyama, kwa hiyo ulizeni waziwazi. Pweza naye kuna namna anayopikwa na divai. Salama yenu ni mboga na kunde za mafuta ya zeituni, na samaki wa makaa. Wagiriki wa Kiorthodoksi wana siku nyingi za kufunga, kwa hiyo ukitamka "nistisimo" mhudumu ataelewa unataka chakula kisicho na nyama wala maziwa.

Msije mkakasirikia yasiyo kosa. Sahani hazifuatani kwa zamu. Kilichoiva kwanza huja kwanza, na vyote huwekwa katikati mle pamoja. Bili haiji mpaka uiombe, kwani kukuletea bila kuitwa ni kama kukufukuza. Sema "ton logariasmo, parakalo". Mkate unaoletwa mwanzoni huwa una bei ndogo kwa kila kichwa, kama hamuutaki urudisheni kabla hamjaugusa. Na mwishoni, kwenye migahawa mingi yenye utu, huletwa kitu cha bure: kipande cha tikiti, mtindi wa asali, au kule Krete kijiglasi cha raki. Asiyekunywa pombe akatae kwa tabasamu, hakuna neno.

Bili ikifika, isomeni mstari kwa mstari mezani. Ugiriki ina sheria nzuri, na mara nyingi imeandikwa kwenye menyu yenyewe: mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti halali. Karatasi yenye namba za kalamu siyo risiti. Hesabu ikiwa na kasoro, ongea taratibu, rudi kwenye menyu, onyesha bei. Wakishikilia ubishi, sema unapiga simu polisi wa watalii, namba 1571. Mara nyingi kosa hurekebishwa kabla simu haijatoka mfukoni. Wakikuhudumia vizuri, waachieni bakshishi ya asilimia tano hadi kumi.

Mdogo wangu unayempeleka mama, nina neno lako la mwisho. Mama atakukanyaga mguu chini ya meza ukianza kuuliza bei ya samaki, ataona unamwaibisha. Uliza tu. Mwenye mizani ya haki atakujibu akicheka, na atakayechukia swali lako amekuokolea pesa.

Dada yenu.