Kwa Nini Majivu Huwaua Fukusi

Kwetu West Nile ada ya shule hulala ghalani. Baba akivuna mahindi huuza machache, na yaliyobaki huyachanganya na majivu, ayangojee bei nzuri. Fukusi wakiingia, ada imekwenda. Wazee wengi, na baadhi ya wenzangu darasani, husema kwamba majivu humziba fukusi pumzi. Mimi nasema humkausha.

Kila mdudu ana taabu ya maji kwa sababu ya udogo wake. Ukipunguza urefu, upana na kimo cha mwili mara 10, ngozi hupungua mara 100, lakini maji yaliyomo hupungua mara 1,000. Basi fukusi, mwenye milimita 3 au 4 tu, ana ngozi nyingi ya kukaukia na maji machache ya kupoteza. Naye huishi katika mahindi makavu, pasipo hata tone la kunywa!

Kinga yake ya kwanza ni nta. Gamba, hata likiwa gumu, hupenyeza maji. Kizuizi hasa ni utando mwembamba wa nta uliopakwa juu yake. Kinga ya pili ni namna ya kupumua. Mdudu hana mapafu. Hewa huingia kwa matundu ya ubavuni na kupita katika mirija. Tundu likiwa wazi mvuke hutoka, kwa hiyo wadudu wengi huyafungua kwa kadiri ya haja tu. Ukiwatia katika hewa yenye kaboni dayoksaidi sehemu 5 kwa 100, matundu hubaki wazi, nao hukauka upesi.

Mwaka 1945 mtaalamu Mwingereza, V. B. Wigglesworth, alieleza majaribio yake juu ya Rhodnius, mdudu wa Amerika ya Kusini anyonyaye damu. Wadudu hao walipotambaa juu ya vumbi kali, nta ilikwaruzika, wakapoteza maji mengi. Waliowekwa katika hewa yenye unyevu walitoa nta mpya. Majivu nayo ni vumbi: fukusi ajipenyezapo kati ya punje hujikwaruza. (Majivu mengi humzuia pia kutembea, sikatai.)

Kama angekuwa anazibwa pumzi, unyevu usingemfaa kitu. Lakini ghala likiwa na unyevu, majivu hupoteza nguvu. Kwa hiyo mahindi yaanikwe mpaka yakauke kabisa, na majivu yachekechwe yakiwa makavu, tena mapema. Maana jike hutoboa punje na kutaga ndani, na mtoto hukua humo, majivu yasimguse mpaka atoke.