Punguza Upepo, Kilo Zitafuata

Msimu wa 2025, mashindano ya FIRST Robotics Competition ya Marekani yalishusha ukomo wa uzito wa roboti kutoka pauni 125 hadi pauni 115, yaani kilo 52 hivi, bila kuhesabu betri wala bampa. Ni kilo nne na nusu zilizopotea kwa mkupuo. Timu yenye mfumo wa upepo hujikuta ikiitazama kompresa, mitungi, vali na mipira kwa jicho baya, kisha mtu anashika drili. Wekeni drili chini kwanza. Uzito wa mfumo huu unatokana na kiasi cha upepo unaotumika. Roboti isiyokula upepo mwingi haihitaji mitungi mingi, na isiyo na mitungi mingi inaridhika na kompresa ndogo.

1. Pimeni kila kifaa peke yake. Mizani ya jikoni inatosha. Andikeni kompresa, kila mtungi, kila silinda, vali pamoja na viungio vyake, hata vishikizo na skrubu. Mara nyingi kompresa ndiyo inayoongoza, lakini viungio vya shaba nyeupe vikijumlishwa huwashangaza watu.

2. Silinda nene ndiyo mlafi. Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo tulieni na hesabu. Kanuni zinaruhusu presha ya kazi isiyozidi psi 60. Kwa presha hiyo, silinda yenye kipenyo cha milimita 40 inasukuma kama kilo 53. Ya milimita 20 inasukuma kama kilo 13, ambazo zinatosha kabisa kufungua mlango wa kupokelea mpira au kushusha mkono mwepesi. Sasa angalieni upepo: kwa mwendo wa milimita 100, ile nene inameza mililita 126 kila msukumo, nyembamba 31 tu. Kabla ya kuagiza, fungeni mizani ya kuvutia samaki kwenye sehemu inayosogea, mvute, msome inataka kilo ngapi. Ongezeni akiba kwa ajili ya msuguano, basi. Nguvu inayozidi hapo mnaibeba bure.

3. Idadi ya mitungi itoke kwenye hesabu. Mtungi unaoonekana kwenye roboti nyingi una mililita 574, na unajazwa hadi psi 120. Kutoka 120 kushuka hadi 60, idadi ya misukumo mnayopata ni kama asilimia 80 ya ujazo wa mtungi ukigawanywa kwa ujazo wa silinda, kwa sababu presha ya hewa ya kawaida nayo inaingia kwenye hesabu. Silinda nene ya kidokezo cha pili itawapa misukumo mitatu na ushee. Nyembamba itawapa kama 14, kompresa ikiwa haijawaka hata kidogo. Kaeni na dereva wenu mhesabu: katika mechi ya dakika mbili na nusu hivi, mkono ule unafunguka mara ngapi? Jazeni mitungi kabla ya kuingia uwanjani, na mtungi wa tatu au wa nne utajiondoa wenyewe.

4. Teremsheni presha. Hiki ni cha bure na timu nyingi hukisahau. Kama silinda inafanya kazi vizuri kwa psi 40, iacheni hapo. Kila msukumo unachukua upepo pungufu, na mtungi unaendelea kufaa hadi ushuke kufikia 40. Ukijumlisha hayo mawili, mtungi uleule unatoa misukumo karibu maradufu.

5. Vali ikae jirani na silinda yake. Mpira unaotoka kwenye vali kwenda kwenye silinda hujazwa na kumwagwa kila mara. Mita mbili za mpira wenye tundu la milimita 4 zina mililita 25, karibu sawa na silinda nyembamba nzima! Ni kama kulisha silinda ya pili isiyofanya kazi yoyote.

6. Acheni springi irudishe. Pale ambapo nguvu inahitajika upande mmoja tu, silinda ya springi, au hata uzito wa mkono wenyewe, inaokoa upepo wa safari ya kurudi.

7. Sasa ndiyo mguse kompresa. Kanuni zinaweka ukomo wa juu wa futi za ujazo 1.1 kwa dakika, kama lita 31. Hazisemi lazima mfike huko. Tafuteni ndogo yenye kutosheleza hesabu zenu. Na kwa kuwa upepo unaohitajika umepungua, betri nayo itapumua.

8. Msitoboe, msikwangue, msipunguze. Vifaa vya upepo vinatakiwa kubaki kama vilivyotoka kiwandani. Kukata mpira kunaruhusiwa, na pini ya kufungia silinda inaweza kutolewa mradi silinda yenyewe haijaguswa. Kama mikono inawawasha, toboeni bati mlilolifungia kompresa. Silinda au mtungi uliokwanguliwa unaweza kupasuka mbele ya uso wa mwanafunzi, na hakuna gramu zinazofaa kununuliwa kwa bei hiyo.

9. Vya usalama vibaki vyote: vali ya kupumulia, swichi ya presha, geji, na vali ya kutolea upepo kwa mkono. Mkaguzi atavitafuta, na ana haki.

10. Mkibakiwa na silinda moja, ulizeni swali gumu. Kompresa, mtungi, regulata, vali na geji vyote viko pale kwa ajili ya mlango mmoja. Pimeni mota ndogo yenye giabox, mlinganishe na jumla mliyoandika kwenye kidokezo cha kwanza. Silinda zikiwa nne au tano, upepo kwa kawaida hushinda, kwa sababu kila silinda inayoongezwa ni nyepesi. Ikiwa moja, mara nyingi mota ndiyo inayobaki kwenye roboti.