Sufuria ya Wana wa Manabii

Andiko: 2 Wafalme 4:38–44

Somo la wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita, kwa maombi ya asubuhi, kijana mmoja wa chuo alianguka katikati ya sifa. Nilikimbia pale, nikaweka mikono, nikaanza kukemea. Nimekemea karibu dakika kumi. Mama mmoja akanigusa bega: "Pasta, hebu ngoja kidogo." Kijana alipofungua macho, huyo mama akampa chai yenye sukari nyingi na mkate, na akapata nguvu. Jioni alinieleza kwamba alikuwa amemaliza siku mbili bila kula. Wenzake aliwaambia amefunga. Ukweli ni kwamba pesa ya HELB ilikuwa haijaingia, na aliona aibu kusema.

Mimi ndiye nilikuwa nimehubiri juu ya kufunga Jumapili iliyotangulia. Sikuuliza nani yuko na chakula cha kufungulia.

Sasa soma andiko letu polepole. Elisha anarudi Gilgali na kuna njaa katika nchi. Wana wa manabii wameketi mbele yake; hawa ni wanafunzi, tuwaite hivyo. Mbele ya mafundisho yoyote, tunasoma amri ya kuteleka sufuria kubwa. Si kila mtu na kasufuria kake. Mmoja wao anaenda shambani kutafuta mboga, anarudi na matango-mwitu asiyoyajua, anayakatakata ndani. Wakionja wanapiga kelele kwamba kuna kifo kwa sufuria. Elisha hamwagi chakula, na hatuoni popote akimfukuza yule kijana jikoni. Anaomba unga, anautia, wanakula. Kisha mtu analeta mikate 20 ya shayiri, na watu 100 wanakula na kubakisha.

Hapa kwetu Garissa wanafunzi wengi wametoka mbali. Tangu shambulio la 2 Aprili 2015, lililoua watu 148 chuoni, baadhi yao wakiwa kwenye maombi ya alfajiri, kuna wazazi ambao bado humwambia mtoto: ukitoka darasani ingia chumbani, funga mlango. Siwalaumu, mimi pia ni mzazi. Lakini matokeo yake ni kijana anayekula peke yake kitandani, chai na mandazi asubuhi, chipsi jioni, na pesa ikiisha hakuna anayejua. Mwezi wa Ramadhani ni ngumu zaidi, kwa sababu hoteli nyingi mjini zinafungwa mchana.

Nilisoma biashara, kwa hivyo mtanivumilia kidogo. Tuseme kijana anatumia shilingi 150 kwa siku kwa kibanda. Vijana sita ni 900, na kwa wiki 6,300. Peleka hiyo pesa sokoni pamoja, ununue mahindi na maharagwe kwa gorogoro, mafuta, unga, sukuma na ndizi za mashamba ya Tana, halafu uone kama itaisha. Gesi ni moja badala ya sita. Ila mwenye kushika pesa asiwe ndiye anayenunua, na daftari liwe wazi kwa wote. Nimeona vikundi vya maombi vikivunjika kwa sababu ya nyanya.

Githeri si chakula cha umaskini. Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja, moja linaziba upungufu wa lingine, na mwili unajengeka karibu kama kwa nyama. Loweka maharagwe usiku, mwaga yale maji, kisha uchemshe hadi yaive kabisa; yakiwa nusu mbichi yanaumiza tumbo. Kamulia sukuma ndimu ili damu ipate madini yake, na chai ingoje kama saa moja baada ya kula. Na kwa hili joto letu, githeri usiilaze mezani bila friji. Hicho nacho ni kifo kwa sufuria.

Mwenzako wa chumba akiwa Mwislamu, mwalike. Kama kuna nyama, nunua ya halali na utumie sufuria safi, asile kwa wasiwasi. Majirani zetu wameshatuletea tende na sambusa wakati wa kufuturu bila kutuuliza dini yetu.

Yule kijana wa asubuhi ile sasa ndiye anayekatakata vitunguu, na wenzake wanasema anakata vibaya sana. Hakuna aliyemwondoa.

Jumamosi hii saa kumi jioni, nyuma ya kanisa, tunateleka. Wamama wawili wamekubali kufundisha, na sufuria kubwa ya harusi tumepewa. Wanafunzi waje na sahani na kijiko tu. Wewe mwenye kazi, leta gorogoro moja ya chochote. Na kama wewe ni mwanafunzi na hujakula leo, usingoje Jumamosi. Nipigie simu, ama umwambie mama yeyote aliye karibu nawe kabla hujatoka hapa.