Stempu Hii Imechapwaje? Jifunze Kuisoma kwa Lenzi

Mwaka huu nimeona niwaletee somo dogo juu ya stempu. Wengi wetu tunazikusanya kwa sababu ya picha zake: simba, maua, vichwa vya wafalme. Lakini picha yaweza kuigwa na mtu yeyote. Kisichoigika kwa urahisi ni namna wino ulivyokaa juu ya karatasi. Hapo ndipo penye siri yote.

Vifaa si vingi. Azima lenzi ya mkono kutoka maabara ya biolojia (kwa ruhusa, tafadhali!), nawa mikono, uikaushe vizuri, kisha keti karibu na dirisha. Mifano yangu karibu yote ni ya kwetu Afrika Mashariki. Haya, tuanze.

Kwanza, uchapaji wa kuchonga. Fundi huchonga mistari ndani ya bamba la chuma. Wino hujaa katika mistari hiyo kama maji kwenye mifereji ya shamba. Kisha bamba hupanguswa juu, na karatasi hugandamizwa kwa nguvu mpaka iunyanyue ule wino. Ndiyo maana wino wake husimama. Pitisha ncha ya kidole polepole, utahisi mikwaruzo. Kwa lenzi utaona mistari safi, wala si vitone. Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840, stempu ya kwanza ya kubandika duniani, ilichapwa hivyo. Hata ile stempu ya senti 65 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, yenye picha ya Mlima Kenya, ni ya kuchonga. Ni mlima huu huu tunaouona asubuhi mawingu yakituachia.

Pili, uchapaji wa herufi zilizoinuka. Huu ni ndugu wa muhuri wa mpira wa ofisini. Sehemu iliyoinuka ndiyo inayopakwa wino. Ikikandamizwa, wino hukimbilia kando, hivyo ukingo wa herufi huwa mzito kuliko katikati. Geuza stempu, pengine utaona alama zimetokeza nyuma.

Tatu, litografia. Njia hii iligunduliwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796. Msingi wake tunaujua sote: mafuta na maji hayapatani. Bamba ni tambarare. Sehemu zenye mafuta hushika wino, zenye maji huukataa. Basi wino hulala bapa, kidole hakihisi kitu, na ukingo hauna uzito wa ziada. Stempu za jua na taji za kampuni ya Imperial British East Africa, za mwaka 1890, ni za namna hii. Picha za rangi nyingi za siku hizi, ukizitazama kwa lenzi, zina vitone vya rangi mbalimbali vilivyojipanga kama viua.

Nne, fotogravya. Bamba lina vishimo vidogo mno, mfano wa sega la nyuki. Vishimo vyenye kina kirefu hutoa rangi nzito, vifupi hutoa rangi hafifu. Tazama maandishi: ukingo wa herufi una meno meno kama msumeno. Stempu zetu za Uhuru za mwaka 1963, zilizochapwa Uingereza na Harrison and Sons, ni za fotogravya.

Sasa utaniuliza, haya yote yana faida gani? Sikiliza. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa bweni alikuwa karibu kutoa shilingi 300, pesa yake yote ya matumizi, anunue ile ya senti 65 ya Mlima Kenya. Muuzaji alisema ni ya babu yake aliyefanya kazi Meru. Karatasi ilikuwa imezeeka vizuri, hata muhuri ulikuwapo. Tukaiweka chini ya lenzi. Kumbe mlima mzima ni vitone vya rangi! Mistari ya kuchonga haiwezi kugeuka vitone hata ikae miaka mia. Ile ilikuwa nakala ya mashine ya kompyuta. Tulimrudishia mwenyewe kwa heshima, na mwenzetu akabaki na pesa zake. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Stempu iliyolowekwa majini na kukandamizwa kitabuni yaweza kupoteza ule mkwaruzo. Kidole peke yake hakitoshi. Tumia na lenzi, halafu linganisha na stempu nyingine unayoijua.

Zoezi: Leo jioni toa noti ya shilingi mia kabla hujaipeleka kantini. Ipapase taratibu, utafute wino uliosimama. Kisha papasa ukurasa wa gazeti. Ukishatambua tofauti hiyo, umeshaanza kusoma stempu. Mwenye stempu anayoishuku na ailete tuichunguze pamoja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.